Injini Mpya, Propela Ipi? Hesabu ya Kufanya Nairobi Kabla ya Boti Kuingia Naivasha

Anayenunua injini ya boti Nairobi ana tatizo ambalo mwenzake wa Mombasa au Lamu hana: maji ya kuijaribia hayapo karibu. Bwawa la Nairobi, kule kati ya Kibera na Lang'ata, ambako zamani mashua za tanga zilikuwa zikishindana, limezibwa na gugu maji na tope. Kwa hiyo injini huwashwa ndani ya pipa nyuma ya duka. Inanguruma vizuri, inatema maji ya kupozea, mnunuzi anaridhika, na mzigo unapakiwa kwenye pikapu kuifuata Waiyaki Way kuelekea bondeni. Pipa limethibitisha mambo mawili tu: kwamba injini inawaka, na kwamba pampu inavuta maji. Kuhusu propela halijasema neno, kwa sababu hakuna chombo kilichosukumwa wala mzigo uliobebwa. Na propela ndiyo itakayoamua kama pesa zilizotoka mfukoni zitageuka mwendo, au zitageuka kelele na moshi.

Msimamo wangu ni huu. Propela ya zamani ilichaguliwa kwa ajili ya injini ya zamani, na ile iliyokuja na injini mpya ilichaguliwa na mtu ambaye hajaiona boti yako wala ziwa lako. Hakuna hata moja inayostahili kufungwa kwa imani. Kipimo cha kuaminika ni idadi ya mizunguko ambayo injini inafikisha ukifungua mafuta yote, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, juu ya maji ambayo itafanyia kazi. Kitabu cha kila injini kinataja kiwango hicho. Injini nyingi za kazi za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, hutakiwa zifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Nyingi za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000. Propela sahihi ni ile inayoipeleka injini ndani ya kiwango hicho, tena nusu ya juu. Mengine yote nitakayoeleza ni njia ya kukaribia jibu ukiwa bado mjini, ili usifunge safari za bure.

Tuanze na maandishi yaliyo kwenye propela yenyewe, maana wengi huyapita. Kwenye propela ya aluminiamu ya Yamaha ya farasi 40 utakuta kitu kama 11 3/8 x 12 – G, kimegongwa kwenye kitovu au kwenye panga mojawapo. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu na hayakwepi. Herufi ya mwisho inataja aina ya kitovu, na ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa sababu inakuambia propela hiyo inaingia kwenye shafti za injini zipi. Ukitoka farasi 25 kwenda 40, au ukihama kampuni, usidhani propela ya zamani itakaa. Hesabu meno ya shafti, linganisha na meno ya ndani ya kitovu, na kama inaingia kwa kulazimishwa, iache. Washa inayokaa nyuma ya propela nayo ina umbo lake. Ukifunga isiyo yake, kitovu kitasaga mahali pasipofaa. Kipenyo mara nyingi kimeshaamuliwa na ukubwa wa kichwa cha chini na aina ya kazi, boti nzito za mwendo wa pole zikitaka mapanga mapana zaidi. Kinachobaki mikononi mwako hasa ni pichi.

Pichi nayo haisomwi peke yake, kwa sababu propela haizunguki kwa kasi ya injini. Kichwa cha chini kina gia za kupunguza mizunguko, na uwiano wake umeandikwa kitabuni: 2.00 maana yake injini ikizunguka mara mbili, propela inazunguka mara moja. Injini mbili za farasi zilezile zinaweza kuwa na uwiano tofauti, na hapa ndipo wengi hupotea. Hesabu yenyewe ni nyepesi na simu inatosha. Chukua mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi, kisha zidisha kwa 0.001524. Unapata kilomita kwa saa kabla ya kutoa mtelezo, yaani sehemu ya mwendo inayopotea maji yanapokwepa. Kwa mizunguko 5,000, uwiano wa 2.00 na pichi ya inchi 11, jibu ni karibu kilomita 42. Sasa badilisha injini peke yake, weka yenye uwiano wa 2.33, na uache propela ileile: jibu linashuka hadi 36. Ili urudi ulikokuwa unahitaji pichi ya karibu inchi 13. Aliyehamisha propela bila hesabu hii atasema injini mpya ni dhaifu, na fundi atafungua kabureta isiyo na kosa. Kwenye jibu lako ondoa mtelezo, asilimia 10 hadi 20 kwa boti nyepesi ya faiba inayopanda juu ya maji, na zaidi ya hapo kwa boti nzito ya mbao.

Lakini linaloumiza wanunuzi wa Nairobi kuliko mengine yote, kwa maoni yangu, ni hewa. Idadi ya farasi inayoandikwa kwenye kifuniko cha injini hupimwa kwa hali iliyowekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 8665: shinikizo la hewa la kilopaskali 100 na joto la nyuzi 25. Hiyo ni hewa ya pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Naivasha liko juu zaidi, karibu mita 1,885. Huko shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 80. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, na hewa ikiwa pungufu, petroli inayoweza kuchomwa nayo inapungua. Unapoteza karibu moja ya tano ya nguvu: farasi 40 ulizolipia zinabaki 32 hivi. Ziwa Victoria liko mita 1,134, kwa hiyo mwenye boti Kisumu au Mbita hupoteza zaidi kidogo ya moja ya kumi. Wa Lamu hapotezi kitu. Injini ni ileile, na boksi ni lilelile.

Propela kwa upande wake haipunguzi madai, kwa kuwa maji ya Naivasha ni mazito sawa na maji ya kwingine. Nguvu inayodaiwa na propela hupanda kwa kasi kubwa kuliko mizunguko. Kwa makadirio, ukizidisha mizunguko mara mbili, inadai nguvu mara nane. Ndiyo maana upungufu wa moja ya tano ya nguvu hauangushi mizunguko kwa moja ya tano, bali kwa karibu asilimia 7. Injini iliyofika 5,300 pwani itafika kama 4,900 Naivasha ikiwa na propela hiyohiyo. Mizunguko 400 inaonekana midogo, lakini kwa boti ya faiba iliyobeba watu saba kwenda Crescent Island ndiyo tofauti kati ya boti inayopanda juu ya maji na boti inayokokota tezi huku omo ikitazama mawingu. Boti isiyopanda hudai nguvu zaidi kuliko iliyopanda, hivyo hasara inazaa hasara. Kanuni inayotumika kote ni kwamba inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Ukiipeleka injini Naivasha, basi, anza na dhana kwamba unahitaji pichi pungufu kwa inchi mbili kuliko ile ambayo ingefaa baharini. Kama pwani ingekuwa 12, beba 10.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Ndege kubwa za majini za Short Empire, ambazo Imperial Airways ilianza kuzileta Kisumu mwaka 1937, zilikuwa na propela zenye pichi mbili: ndogo ya kuruka, kubwa ya safari. Propela ya injini yako imekaa na pichi moja tangu ilipotoka kiwandani. Kwa kuwa huwezi kuibadilisha ukiwa majini, sharti uichague kabla.

Wapo watakaosema kwamba kiwanda kinajua kazi yake, na injini imekuja na propela yake, basi kwa nini kuhangaika? Nawaelewa, maana mtu aliyelipa pesa nyingi hataki kuambiwa anunue kitu kingine juu yake. Lakini kitabu cha kiwanda hichohicho ndicho kinachotaja kiwango cha mizunguko na kumtaka mwenye boti achague propela inayokifikia. Injini kubwa mara nyingi huuzwa bila propela kabisa, kwa sababu mtengenezaji anajua kwamba hawezi kukisia chombo cha mteja. Ile inayokuja na injini ndogo ni ya wastani, iliyokusudiwa isimkosee sana mtu yeyote, kutoka ziwa la Ufini hadi delta ya Nijeri. Kuibadilisha si kuisahihisha injini. Ni kumaliza kazi ambayo kiwanda kimekuachia.

Wengine hudai kwamba pichi ndogo itapunguza mwendo na kula mafuta. Ingekuwa kweli kama injini ingekuwa tayari inafika kwenye kilele chake. Isipofika, hali ni kama ya matatu ya Kikuyu iliyojaa abiria, ikipanda kutoka Kangemi kwa gia ya tano: dereva anakanyaga hadi sakafuni, injini inakohoa, na gari halichukui mwendo mpaka ashushe gia. Akishusha, anakwenda upesi zaidi. Injini ya boti inayolemewa na propela huishi katika hali hiyo kutwa nzima. Mafuta yanafunguliwa yote ili kushikilia mwendo ambao ungepatikana kwa robo tatu, joto ndani ya silinda linapanda, masizi yanajengeka, na pistoni zinaanza kugonga. Ubaya wake ni kwamba injini inayolemewa inasikika imetulia, kwa hiyo mwenyewe hudhani anaitunza. Kushuka kwa pichi kunaweza kabisa kuongeza mwendo wa juu, kwa sababu injini inafika mahali ambapo nguvu zake ziko. Ikiwa mizunguko imefika nusu ya juu ya kiwango na bado unashuka pichi, hapo ndipo pingamizi lao linakuwa na haki, na hapo ndipo pa kusimama.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la vifaa: injini nyingi za kuendeshwa kwa mkono hazina takometa, sasa mizunguko itajulikanaje? Tafuta takometa ndogo ya kielektroniki ambayo waya wake huzungushwa juu ya waya wa plagi. Ni kifaa cha mapikipiki na mashine za kukatia nyasi, na pa kuanzia kuulizia ni maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga na mitaa inayoizunguka. Kuna mtego mmoja. Kifaa hiki huhesabu cheche, na lazima ukiambie ni cheche ngapi kwa mzunguko mmoja. Injini ya mipigo miwili kwa kawaida hutoa cheche moja kwa kila mzunguko katika kila silinda, na nyingi za mipigo minne za boti nazo hufanya hivyo. Namna ya kuhakikisha ni kusoma namba injini ikiwa inajiendea bila gia na kuilinganisha na ile ya kitabuni. Ukiona nusu yake au mara mbili yake, badilisha mpangilio wa kifaa kabla hujashtuka. Mwendo utaupata kwenye GPS ya simu.

Kabla ya kupima chochote, ondoa yale yatakayoupotosha ushahidi. Bamba pana lililo juu ya propela liwe usawa na chini ya boti au juu yake kwa sentimita mbili hivi. Likiwa juu mno propela inavuta hewa na mizunguko inaruka bila kazi kufanyika, na likizama sana unaburuta chuma majini. Injini mpya yenye shafti ndefu kuliko ya zamani huleta kosa hili la pili mara moja. Kama injini ni ya kabureta, uliza jeti iliyomo ni ya mwinuko gani, maana kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi mno Naivasha, plagi zinageuka nyeusi, na unapoteza nguvu juu ya zile zilizokwisha kupotea. Injini ya kuingiza mafuta kwa kompyuta hurekebisha mchanganyiko yenyewe, jambo zuri, lakini haiumbi hewa isiyokuwepo. Propela isitumike kufunika kosa la jeti.

Kupima kwenyewe kufanywe asubuhi, kwa sababu upepo wa Naivasha huamka mchana na mawimbi yanaharibu namba. Jaza tangi, pakia watu au mifuko ya mchanga yenye uzito wao, acha injini ipate moto, kisha fungua mafuta yote kwenye maji ya wazi na usome mizunguko ikishatulia. Rudi ulikotoka na usome tena, uchukue wastani. Tuseme injini ya kiwango cha 4,500 hadi 5,500 imekupa 4,700 kwa propela ya pichi 12. Imo ndani ya kiwango, na muuzaji angekuambia kila kitu ki sawa. Mimi sikubali: iko chini mno kwa boti ya kazi, kwa sababu siku ya watu wawili zaidi au ya maji ndani ya boti itaanguka nje. Pichi 10 ingeileta karibu 5,000 hadi 5,100, na hapo injini ina nafasi ya kupumua.

Rudia kipimo boti ikiwa tupu, maana hatari ya upande wa pili ipo pia. Injini za kisasa za mipigo minne hujizuia zikizidisha mizunguko. Nyingi za mipigo miwili za zamani hazina kizuizi, na ukivuka 5,500 kwa muda mrefu utaharibu fimbo za pistoni. Kama injini inafika 5,000 ikiwa na mzigo na 5,400 boti ikiwa tupu, umepata propela yako. Kama tofauti ni kubwa kiasi kwamba hakuna pichi moja inayotosha pande zote mbili, kuwa na propela mbili ni akili, si anasa: moja ya siku za watalii, nyingine ya siku za kuvua peke yako. Propela ya mapanga manne hushika maji vizuri zaidi chini ya mzigo na husaidia boti nzito kupanda, ila hushusha mizunguko kidogo, kwa hiyo ukiichagua punguza pichi kwa inchi moja hivi.

Kuhusu chuma cha pua dhidi ya aluminiamu, nitakuwa mfupi. Chuma cha pua hakipindi kirahisi, mapanga yake ni membamba, na baharini kwenye maji ya kina ni kizuri sana. Naivasha ni mahali pengine. Maziwa ya Bonde la Ufa yamejaa kuliko zamani, na mafuriko ya 2020 yalimeza miti, nguzo na nyua za mashamba ambazo sasa ziko chini ya maji, ambako huzioni. Panga la aluminiamu likigonga kisiki linapinda au kuvunjika, na mara nyingi gia zinasalimika. Chuma cha pua huupeleka mshtuko ndani zaidi, ukiachia mpira wa kitovu peke yake kazi ya kuokoa gia. Aluminiamu iliyopinda inanyooshwa na kulehemewa na fundi anayejua kuipasha joto polepole. Ikitoka kwake, ilaze juu ya meza tambarare na upime urefu wa kila panga kutoka mezani, kwa sababu milimita chache za tofauti huleta mtetemo unaokula sili za shafti, na maji huingia kwenye oili ya gia.

Yote haya yanarudi kwenye kaunta ya duka, siku ya kununua. Nenda na karatasi yenye uwiano wa gia wa injini ya zamani na ya mpya, pichi na kipenyo cha propela uliyokuwa nayo, uzito wa boti na watu inaobeba, na jina la ziwa. Muuzaji anayeuliza jina la ziwa kabla hujamtajia ni wa kushikwa mkono. Mwombe injini itoke na propela ya pichi iliyopunguzwa, na ile ya kawaida ukae nayo kwa makubaliano kwamba itarudishwa au kubadilishwa ikiwa bado haijagusa kisiki. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti, si kwa mdomo. Ukimaliza kupima, paka grisi isiyotoka majini kwenye meno ya shafti, funga nati kwa kipimo cha kitabuni, weka pini mpya na uikunje ncha zote mbili, kisha baada ya safari ya kwanza uikague tena. Propela iliyobaki iwekwe ndani ya boti pamoja na spana ya nati hiyo, koleo, na pini za akiba, kwa kuwa maji ya Naivasha yana viboko na hakuna anayepaswa kusubiri huko jioni akitafuta mtu wa kumvuta.